Madoa meupe yaliyorudi: kulifufua tangi la matumbawe Mwanza baada ya samaki kuugua

Samaki wangu aina ya kangaja ndiye aliyenipa habari. Jioni moja alikuwa anapita kando ya jiwe, anajipiga ubavu, anageuka, anajikuna tena palepale. Kesho yake alfajiri, kabla sijawasha taa ya tangi, nikamulika tochi nikaona punje 7 nyeupe kwenye pezi lake la kifuani, kila moja kama punje ya chumvi. Siku ya nne hazikuwepo. Nikamshukuru Mungu, nikaendelea na shughuli zangu. Siku ya 12 zikarudi, safari hii hazihesabiki, kwa kangaja na kwa wenzake wote. Tangi lenye samaki 9 likabaki na 3.

Niliharibu katika zile siku za katikati. Madoa yalipotoweka nilidhani ugonjwa umeondoka, kumbe ulikuwa umeshuka kutoka kwenye samaki ukakaa mchangani na kwenye mawe. Tangi langu la maji ya chumvi ni la lita 300, liko sebuleni Isamilo, Mwanza, na Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa barabara. Samaki aliyekufa hapa hatafutiwi mwenzake kesho. Kwa hiyo naandika kwa ajili ya mtu ambaye usiku huu amesimama mbele ya kioo chake na hajui aanzie wapi.

Wote wanahema juu ya maji, lakini ngozi ni safi

Anza hapa, kwa sababu tatizo hili linaua kwa saa, na dawa haina kazi. Ugonjwa wa vimelea huanza kwa samaki mmoja au wawili. Ukikuta samaki wa kila aina wamepanda juu kwa pamoja, hasa alfajiri au baada ya umeme kukatika, fikiria hewa kwanza.

Sisi wa Mwanza tuna jambo la ziada ambalo vitabu vya watu wa pwani havilitaji. Mji uko takriban mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda, mgandamizo wa hewa unapungua na maji yanabeba oksijeni kidogo. Maji ya bahari yenye nyuzi 25 yakiwa pwani yanaweza kubeba karibu miligramu 6.7 za oksijeni kwa lita. Hapa kwetu hayafiki 6. Tangi lenye samaki wengi ambalo Tanga lingestahimili saa 3 bila pampu, hapa halina muda huo. Chota maji kwa jagi uyamwage kutoka juu, tena na tena, mpaka umeme urudi au upate pampu ya hewa ya betri. Ondoa mfuniko. Punguza taa.

Wakishatulia, pima amonia, sumu inayotokana na uchafu na vitu vinavyooza. Inatakiwa kuwa sifuri. Ikiwa ipo, badilisha theluthi ya maji kwa maji mapya ya chumvi yenye joto na kiwango cha chumvi kilekile, kisha utafute chanzo: samaki aliyefia nyuma ya jiwe, chujio lililokauka, chakula kilichozidi.

Dalili nyingine inayodanganya: kamba na konokono wanakufa kwanza, samaki wanatetemeka au wanarukaruka, hakuna doa lolote. Waulize wa nyumbani kama kuna aliyepuliza dawa ya wadudu. Msimu ule wadudu wadogo wa ziwani wanapokuja kama moshi na kujaa ukutani, karibu kila nyumba inapuliza, na pampu ya hewa inavuta yote hayo na kuyasukuma ndani ya maji. Dawa hizo ni sumu kali kwa samaki, na kwa kamba ni kali zaidi. Badilisha maji mengi, weka mkaa maalumu wa kuchujia, fungua madirisha.

Punje, vumbi au ute?

Kama ngozi si safi, mulika tochi kwa upande, taa ya tangi ikiwa imezimwa, umtazame samaki anapogeuka. Unachokiona hapo ndicho kitakachoamua dawa, na dawa ya ugonjwa mmoja mara nyingi haifanyi kitu kwa mwingine.

Punje nyeupe zilizotengana, zinazohesabika, samaki anajikuna lakini bado anakula: huyo ni Cryptocaryon irritans, kimelea wa doa jeupe la baharini. Una siku kadhaa za kujipanga.

Vumbi laini kama unga wa dhahabu au kutu, ambalo huoni mpaka mwanga upite kwa ubavu, samaki anahema haraka, anakimbia mwanga, au anasimama kinywa wazi mbele ya mkondo wa pampu: huyo ni kimelea mwingine, Amyloodinium. Hapa usisubiri kesho. Anashambulia matamvua kabla ya ngozi, kwa hiyo samaki anaweza kufa akiwa bado anaonekana msafi, na tangi zima linaweza kuisha ndani ya siku 2 au 3.

Ute mzito unaotoka kama ngozi inayobambuka, hasa kwa wale samaki wa anemoni wa rangi ya chungwa na mistari myeupe: mara nyingi ni kimelea Brooklynella. Dawa ya shaba, inayotumika kwa vimelea wengine, haimgusi. Anayemuua ni formalini, na formalini ni sumu kwako pia: vaa glavu, fanyia kazi mahali penye upepo, fuata kipimo cha kwenye chupa bila kubuni, na weka hewa nyingi kwenye maji ya kuogeshea kwa sababu formalini inakula oksijeni.

Vidonda vyekundu ubavuni vinavyokua kwa kasi vinaweza kuwa vya kimelea Uronema, na huyu nataka umkumbuke mpaka mwisho wa makala, maana ana tabia tofauti na wengine wote: anaishi hata pasipo samaki. Uvimbe mweupe mgumu kama ua la koliflawa kwenye ncha ya pezi ni wa virusi. Huo uache. Mlishe samaki vizuri, asisumbuliwe, kwa kawaida unaondoka wenyewe baada ya wiki au miezi.

Nimetibu, yakapotea, yamerudi

Hapa ndipo watu wengi wanapokwama, nami nilikwama hapa.

Doa jeupe unaloliona ni kimelea aliyejichimbia chini ya ngozi anakula. Anakaa humo siku 3 hadi 7. Akishiba anadondoka, na ndiyo maana samaki anaonekana amepona. Anatambaa kwa saa chache, anajibandika kwenye jiwe, mchanga au kioo, anajifungia ndani ya gamba na kuanza kujigawa. Kutoka gamba moja wanaweza kutoka watoto hadi 200, wakiogelea, na kila mmoja ana takriban siku 1 ya kupata samaki, la sivyo anakufa. Wanatoka zaidi gizani, usiku wa manane kuelekea asubuhi, wakati samaki wamelala katika mashimo yao na hawasogei.

Sasa tazama dawa inaingia wapi. Shaba haimfikii aliye chini ya ngozi. Haipenyi gamba. Inamuua yule anayeogelea tu. Ukitibu siku 5 ukaacha kwa sababu madoa hayaonekani, umeacha wakati ambao wote wamo ndani ya magamba. Magamba mengi yanapasuka kati ya siku 3 na 28, lakini hayapasuki pamoja, na limewahi kurekodiwa moja lililochukua siku 72.

Ukilijua hilo, visababu vingi vinavyotajwa vinaondoka vyenyewe. Nimeambiwa sana kwamba maji ya ziwa ndiyo yaliyoleta ugonjwa, kwa kuwa maji ya bomba Mwanza yanatoka Ziwa Victoria. Hapana. Kimelea huyu ni wa bahari na maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yanamuua. Alikuja na samaki mpya, au na konokono, au na kipande cha tumbawe kilichokuwa na gamba limebandikwa. Samaki wa maji baridi wana ugonjwa wao wa madoa unaofanana kwa macho, lakini mdudu ni mwingine kabisa. Jirani yangu mzee anayefuga kambale alinishauri kwa moyo safi: "Kijana, watie chumvi tu, mbona wangu walipona?" Nikamwambia, "Mzee, hawa wamezaliwa ndani ya chumvi, na mdudu wao naye hivyohivyo." Dawa inayotibu kambale au furu kwenye tangi la maji baridi usiihamishie huku.

Vitunguu saumu vinaweza kumtamanisha samaki kula, havitibu. Kamba wanaosafisha samaki wanachomoa kidogo, hawamalizi. Taa ya kuua vijidudu inapunguza wale wanaopita ndani yake tu. Sivikatazi, lakini usiweke tumaini lako hapo.

Watoe samaki wote

Tangi la matumbawe halitibiwi kwa shaba. Shaba inaua matumbawe, konokono, kamba, viti vya pweza, na mawe na mchanga vinaifyonza mpaka hujui imebaki kiasi gani ndani ya maji. Kwa hiyo samaki wote wanatoka, pamoja na yule asiye na doa hata moja. Kumwacha mmoja kwa huruma ni kuwaachia vimelea chakula. Najua maana ya kubomoa mawe uliyoyapanga mwaka mzima ili kumkamata samaki mmoja mwerevu. Bomoa. Mapambazuko ndiyo wakati mzuri, wakiwa bado wazito.

Kwa doa jeupe, njia ninayoipendekeza kwa mtu wa huku ni ya kuhamisha, kwa sababu haihitaji dawa ambayo utaisubiri wiki nzima ifike. Tafuta vyombo 2 vya plastiki vya lita 40 ambavyo havijawahi kuwekwa sabuni wala mafuta, pampu ndogo 2 za hewa, hita 2, na vipande 2 vya bomba la plastiki vya kujifichia. Siku ya 1 samaki anaingia chombo cha kwanza. Siku ya 4, kabla ya saa 72 kutimia, anahamia cha pili chenye maji mapya. Cha kwanza unakimwaga, unakisugua, unakianika juani na kila kilichokuwemo mpaka kikauke kabisa, hata jiwe la hewa na waya wa hita. Siku ya 7 anarudi cha kwanza, siku ya 10 cha pili, siku ya 13 anaingia kwenye chombo kisafi na hapo amemaliza. Kimelea anayedondoka anabaki kwenye chombo ulichokimwaga, na hakuna gamba linalowahi kupasuka akiwa humo.

Hesabu ya chumvi: lita 40 mara 5 ni lita 200, na kila lita inataka gramu 35 na kidogo, kwa hiyo tenga kilo 7 hadi 8 za chumvi ya matangi. Si ya mezani wala ya mawe ya kupikia, hizo hazina kalsiamu, magnesiamu na vingine vinavyotakiwa. Maji ya bomba yatoe klorini kwanza. Changanya siku moja kabla, acha pampu izungushe usiku kucha, pima kwa rifraktomita (kifaa cha kupimia chumvi) iliyorekebishwa kwa kimiminika cha kiwango cha chumvi cha 35.

Wakati wa kuhamisha, tumia chombo kidogo au mkono uliolowa, umbebe na maji machache kadiri inavyowezekana. Samaki atataka kuruka, funika. Ila usifunikie kipande cha chandarua chenye dawa. Nilikaribia kufanya hivyo. Kilikuwa mkononi tayari, kimekatwa vizuri kwa ukubwa wa chombo, ndipo mke wangu akauliza kile ni cha aina gani.

Njia hii haitoshi kwa lile vumbi la dhahabu. Hapo unahitaji shaba, kwenye tangi tupu lisilo na jiwe wala mchanga, lenye sponji, hewa na hita tu. Shaba iliyofungwa (iliyounganishwa na kemikali nyingine) kwa kawaida hushikiliwa kati ya miligramu 2.0 na 2.5 kwa lita kwa siku 30. Shaba ya ioni (isiyofungwa) ina kiwango cha chini sana kuliko hicho, kwa hiyo soma chupa uliyonayo na utumie kipimo kinachoendana nayo. Ipandishe polepole kwa siku mbili tatu, pima kila siku. Ikishuka chini ya kiwango hata mara moja, siku zinaanza kuhesabiwa upya. Ondoa mkaa kwenye chujio. Usichanganye shaba na dawa za kufunga amonia, kwani baadhi yake zinaibadilisha shaba kuwa sumu kwa samaki wenyewe. Amonia ikipanda, badilisha maji na urudishe shaba iliyotoka. Ikiwa samaki amezidiwa na dawa bado iko njiani, mwogeshe dakika 5 kwenye maji baridi yaliyotolewa klorini, yenye joto lilelile na hewa nyingi. Haimponyi, inampa siku moja au mbili.

Kuna pia kushusha chumvi mpaka uzito wa maji usome 1.009 (maji yasiyo na chumvi ni 1.000) na kuishikilia mwezi mzima baada ya doa la mwisho. Inafanya kazi kwa doa jeupe, haifanyi kwa vumbi, na ukikosea kidogo tu kwenda juu umepoteza mwezi. Sijaitumia tena.

Tangi la wagonjwa liwe mbali na tangi kubwa, mita 3 au zaidi. Matone madogo yanayoruka kutoka kwenye mapovu ya hewa yanaweza kubeba vimelea vya vumbi. Nyavu, jagi, taulo, hata mkono wako: usitoke kwa wagonjwa ukaingia tangi kubwa.

Tangi bila samaki: siku 76

Ukiweka siku 72 za lile gamba lililochelewa na siku chache za tahadhari, unapata 76. Zinatosha na kwa vumbi la dhahabu. Wapo wanaofupisha kwa kupandisha joto hadi nyuzi 27. Mimi sifupishi, kwa sababu nikikosea narudi mwanzo na samaki wengine wamekufa. Andika tarehe kwenye karatasi uibandike kwenye kioo. Ukiingiza chochote chenye maji katikati, konokono au tumbawe, hesabu inaanza siku hiyo.

Ni muda mrefu, na matatizo ya kipindi hiki ndiyo ambayo hakuna aliyeniambia.

Kwanza, matumbawe yanapauka au yanajifunga wiki ya tatu au ya nne. Watu wanadhani nayo yameambukizwa. Vimelea hivi havili matumbawe. Yana njaa. Samaki walikuwa wanakula na kutoa uchafu, uchafu ukawa naitreti na fosfeti, na matumbawe yakaishi humo. Umewatoa, mtiririko umekatika, lakini mashine ya kutoa povu (inayoondoa uchafu majini) na chujio la fosfeti bado vinafanya kazi kama zamani. Pima. Ukikuta zote mbili ni sifuri, ondoa chujio la fosfeti, punguza saa za mashine ya povu, na lisha tangi kama vile samaki wapo, kidogo: kipande cha kamba kilichosagwa kila siku mbili, chakula cha matumbawe usiku. Lenga naitreti karibu miligramu 5 kwa lita na fosfeti kati ya 0.03 na 0.1. Chakula hicho kinawatunza pia konokono, kaa na bakteria wanaokula amonia, ambao utawahitaji sana siku ya mwisho.

Pili, ute wa kahawia wenye mapovu madogo ndani yake, unaning'inia kama kamasi kwenye mchanga na matumbawe, unapungua usiku na kurudi mchana. Unapenda sana tangi lenye naitreti na fosfeti sifuri. Ukianza kubadilisha maji kwa wingi ili uuondoe, unazidi kuupa hali unayoipenda. Uvute kwa mpira kila jioni, pandisha virutubisho taratibu, zima taa siku 3 kama umeenea. Kama ni utando mwekundu laini unaong'oka kama kitambaa, huo ni mwingine: ongeza mkondo wa maji pale unapokaa na punguza chakula kinachotuama.

Tatu, alkalini (madini ya majini ambayo matumbawe hujengea mifupa yake) inapanda. Matumbawe yasiyokua hayatumii, nawe unaendelea kuongeza kipimo kilekile cha zamani. Pima kila wiki, ishikilie karibu na 8 au 9 kwa kipimo cha dKH, kalsiamu kati ya miligramu 400 na 450 kwa lita.

Kama katika hofu ya siku za mwanzo ulitia shaba kwenye tangi kubwa, utaona konokono wamelala chali na matumbawe laini yamesinyaa. Badilisha maji mengi, weka mkaa na chujio la kufyonza metali, pima mpaka kipimo kisome sifuri kwa wiki kadhaa, halafu jaribu konokono mmoja kabla ya kitu kingine.

Na ikiwa waliokufa walikuwa na vile vidonda vyekundu vya Uronema, siku 76 hazikusaidii, kwa sababu hahitaji samaki ili aishi. Kwa tangi hilo chagua kwa uangalifu aina utakazorudisha, na uwe tayari kumtoa samaki siku ile ile doa jekundu linapoonekana.

Siku ya 77

Bakteria wamepungua kufuatana na chakula kidogo walichokuwa wanapata. Ukirudisha samaki wote siku moja, amonia itapanda na utarudi kuwaona wanahema juu. Wiki mbili kabla, ongeza chakula polepole. Kisha anza na mmoja, aliye mpole na mdogo. Mimi niliwaacha wawili wa anemoni watangulie na kangaja akawa wa mwisho, kwa sababu yeye ndiye anayeshika doa jeupe kuliko wote na ndiye angenipa habari mapema kama kuna kilichobaki.

Linganisha joto na kiwango cha chumvi, usimwage maji ya tangi la wagonjwa ndani ya tangi kubwa, hasa kama yalikuwa na shaba. Pima amonia siku ya 1, ya 3 na ya 7. Ikibaki sifuri siku zote tatu, mlete anayefuata. Kila alfajiri, kabla ya taa, mulika tochi kwa upande. Tazama pezi la kifuani kwanza, halafu jicho, halafu mwendo wa matamvua.